Uraibu wa Heroini na Kazi ya Waelimishaji Rika

Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana yake ni kwamba taabu huijua barabara yule aliyeipata, wala si yule aliyesimuliwa. Methali hii imetumika kwa mambo mengi, lakini katika miaka ya karibuni imepata kazi mpya katika uwanja wa tiba. Katika kliniki zinazowahudumia watu waliotawaliwa na heroini, pamoja na daktari, muuguzi na mfamasia, siku hizi huonekana mtumishi mwingine ambaye hana shahada yoyote ya udaktari. Sifa yake kubwa ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutawaliwa na dawa hiyo hiyo, kisha akapata nafuu. Mtumishi huyo huitwa mwelimishaji rika.

Huenda msomaji akajiuliza: je, kuugua ni ujuzi? Mtu aliyepona malaria hawi tabibu wa malaria kwa sababu hiyo tu. Kwa nini basi aliyepata nafuu ya uraibu apewe kazi katika kliniki? Swali hili ni la haki, na jibu lake halipasi kutolewa kwa huruma peke yake. Yatupasa kwanza tuelewe jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi mwilini. Pili, tutazame ni mahali gani tiba ya hospitali hukatika. Tatu, tupime kama mtu huyu anaweza kuunga pale palipokatika. Hiyo ndiyo njia tutakayoifuata katika makala haya.

Kwanza neno lenyewe. Rika, kama wanafunzi wengi wajuavyo, ni watu wa umri mmoja, na katika makabila yetu mengi ni wale waliotiwa jandoni pamoja. Katika kazi hii umri si hoja. Mzee wa miaka hamsini aweza kuwa mwelimishaji rika wa kijana wa miaka ishirini. Kinachowafanya kuwa rika moja ni kwamba wamepitia taabu moja.

KUTOKA AFYUNI HADI HEROINI

Heroini ina asili yake katika utomvu wa mmea wa afyuni. Utomvu huo, ambao pia huitwa kasumba, umejulikana kwa maelfu ya miaka kuwa hutuliza maumivu na kuleta usingizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kuitenga kemikali iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, nayo ikaitwa mofini. Mwaka 1874 mwanakemia C. R. Alder Wright, akifanya kazi London, aliibadili mofini kidogo katika maabara akapata kemikali mpya. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kemikali hiyo kwa jina la heroini, tena kama dawa ya kikohozi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki heroini ilianza kuenea katika miaka ya 1980, katika miji kama Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam. Watumiaji wenyewe waliiita unga. Hapo mwanzo wengi waliivuta. Baadaye ilipopatikana heroini nyeupe iyeyukayo kwa urahisi katika maji, baadhi yao walianza kujidunga kwa sindano, na kwa njia ya sindano zilizotumiwa na watu wengi virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vikapata njia ya kusambaa. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 ulikuta kwamba takriban watu 4 katika kila 10 waliokuwa wakijidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI.

DAWA HII HUFANYA NINI UBONGONI?

Juu ya seli za neva kuna protini maalumu ziitwazo vipokezi. Kipokezi tunaweza kukifananisha na kufuli, na kemikali inayokaa juu yake ni kama ufunguo. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani na Sweden walithibitisha kwamba ubongo una vipokezi vinavyopokea mofini na jamii yake. Jambo hilo lilizusha swali la ajabu: kwa nini ubongo wa binadamu uwe na kufuli la kufunguliwa na utomvu wa mmea? Jibu lilipatikana mwaka 1975 huko Aberdeen, Scotland, ambako John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kwamba ubongo hutengeneza wenyewe kemikali zinazofanya kazi kama mofini. Kemikali hizo za asili hutusaidia kustahimili maumivu, na hutolewa kwa kipimo kidogo kidogo kadiri mwili unavyohitaji.

Heroini inapoingia mwilini hugeuzwa upesi kuwa mofini, na mofini hiyo huvijaza vipokezi kwa kiasi ambacho mwili haukukizoea kamwe. Maumivu hutoweka, raha kubwa huja, na kupumua hupungua kasi. Lakini ubongo haukubali kusukumwa upande mmoja bila ya kujihami. Dawa ikiendelea kuingia siku baada ya siku, seli za neva hujirekebisha ili zifanye kazi licha ya dawa hiyo. Matokeo yake ni mawili.

La kwanza ni ustahimilivu: kipimo cha jana hakitoshi leo, na mtumiaji hulazimika kuongeza. La pili ni utegemezi: dawa ikikosekana, seli zilizojizoeza kuikabili hubaki zikifanya kazi kwa nguvu kupita kiasi. Baada ya saa kadhaa tu macho na pua hutoka maji, mtu hupiga miayo, mwili humsisimka, viungo humuuma, tumbo huhara, na usingizi humruka. Hali hii mitaani huitwa arosto. Kwa kawaida hufikia kilele katika siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki moja hivi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba arosto ikiisha, ugonjwa nao umekwisha. Sivyo. Mabadiliko yaliyotokea katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, tamaa na maamuzi hudumu kwa miezi na hata miaka. Kuona kichochoro fulani, kukutana na rafiki fulani au kupata fedha mkononi huweza kuamsha tamaa ambayo mtu alifikiri imekufa. Wakati huo huo ustahimilivu umeshashuka. Mtu akirudia kipimo kile kile alichokizoea zamani, mwili wake hauna tena kinga dhidi yake, na aweza kuacha kupumua. Kwa maneno mengine, siku za hatari kubwa ya kufa mara nyingi huja baada ya mtu kuacha dawa kwa muda, hasa akiwa peke yake.

Ushahidi wa jambo hili ni mzito. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiliwa huru katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidiwa na dawa za kulevya ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo.

METHADONI NA HESABU YA NUSU

Dawa inayotumika zaidi kutibu uraibu huu ni methadoni. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 ili itulize maumivu. Mwaka 1964, mjini New York, Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek walianza kuijaribu kwa watu waliotawaliwa na heroini, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1965. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni, pamoja na dawa nyingine iitwayo buprenofini, katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya tiba hiyo.

Methadoni hukaa juu ya vipokezi vile vile. Tofauti yake kubwa na heroini ni mwendo. Heroini hupanda kwa ghafla na kushuka baada ya saa chache, hivyo mtumiaji hupanda na kushuka nayo mara kadhaa kwa siku. Methadoni inayonywewa hupanda polepole na kukaa muda mrefu. Wastani wa muda unaohitajika ili nusu ya methadoni iondoke mwilini ni kama siku moja, ingawa watu hutofautiana sana.

Mwanafunzi wa hisabati aweza kuifuata hesabu hii kwenye daftari lake. Tuchukue namba 8 kuwa kipimo cha kila siku. Namba hii ni ya mfano tu. Siku ya kwanza mgonjwa anakunywa 8. Siku ya pili zimebaki 4, anaongeza 8, zinakuwa 12. Siku ya tatu zimebaki 6, zinakuwa 14. Siku ya nne zinakuwa 15, na siku ya tano 15.5. Hesabu huendelea kuikaribia 16, yaani mara mbili ya kipimo cha siku moja, lakini haiipiti. Kutokana na hesabu hii tunajifunza mambo mawili. Kwanza, daktari hana budi kuanza na kipimo kidogo, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini hata kama kipimo hakibadiliki. Pili, katika siku za mwanzo mgonjwa bado huhisi arosto, kwa kuwa dawa haijafikia kiwango chake. Tutalirudia jambo hili, kwani ndilo mojawapo ya yale yanayomhusu mwelimishaji rika.

Wapo wasemao kwamba kumpa mraibu methadoni ni kubadilisha kileo kwa kileo. Hoja hiyo hujibiwa na hesabu ya vifo. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali zilizowahusu watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Ilionekana kwamba kati ya watu 1,000 wakifuatiliwa kwa mwaka mmoja, walikufa kama 11 pale walipokuwa ndani ya tiba, na kama 36 pale walipokuwa nje ya tiba. Kwa hiyo swali kubwa katika tiba hii ni la kawaida kabisa: je, mgonjwa atakuja kesho?

MAPENGO MATATU

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011. Zilifuata kliniki za Mwananyamala na Temeke, na mwaka 2015 ile ya Kidongo Chekundu, Zanzibar. Kenya nayo ilianza huduma hiyo mwishoni mwa mwaka 2014. Tangu mwanzo ilionekana Muhimbili kwamba kufungua mlango hakutoshi, na hivyo wagonjwa waliletwa na mashirika ya kijamii yaliyokuwa yakiwafuata huko maskani. Tukichunguza safari ya mgonjwa tutaona mapengo matatu ambayo koti jeupe haliwezi kuyaziba peke yake.

Pengo la kwanza ni kati ya maskani na mlango wa kliniki. Mtu aliyezoea kukimbizwa na askari, kupigwa na wananchi na kuitwa teja na kila mpita njia haamini kwamba kuna ofisi ya serikali inayomtaka kwa wema. Aidha, amekwisha kusikia uvumi wa kila aina, kwa mfano kwamba methadoni huozesha mifupa. Daktari akimwambia kwamba uvumi huo si kweli, atamsikiliza kwa adabu asimwamini. Lakini mtu aliyelala naye maskani zamani, ambaye leo amesimama mbele yake akiwa na afya na kusema, "Ndugu yangu, mimi nainywa kila siku, itazame mifupa yangu," huyo ni ushahidi unaotembea. Kwa wanawake pengo hili ni pana zaidi, kwa kuwa aibu yao katika jamii ni kubwa kuliko ya wanaume. Katika miaka miwili ya mwanzo ya kliniki ya Muhimbili wanawake hawakufika hata mmoja katika kila wagonjwa kumi. Ni dhahiri kwamba mwanamke aliyepata nafuu ndiye anayeweza kuwafikia wenzake mahali ambapo mwanamume hapokewi.

Pengo la pili ni siku za mwanzo wa tiba. Tumekwisha kuona katika hesabu yetu kwamba dawa huchukua siku kadhaa kufikia kiwango chake. Katika siku hizo mgonjwa huamka alfajiri akiwa na maumivu, naye husema moyoni kwamba amedanganywa. Hapo hushawishika ama kuacha kuja, ama kuongeza heroini juu ya methadoni, jambo ambalo laweza kumwua. Muuguzi anaijua hesabu hiyo kwa kuisoma. Mwelimishaji rika anaijua kwa mwili wake, na anaweza kueleza asubuhi ya siku ya tatu ilivyokuwa, ilivyopita, na nini alichofanya ili ipite. Pamoja na hayo kuna shida ndogo ndogo ambazo haziandikwi katika jalada la mgonjwa: nauli ya kila siku, mwajiri asiyeelewa kwa nini kibarua wake huchelewa kila asubuhi, rafiki anayemngojea njiani. Mtu aliyepita njia hiyo anajua kituo gani cha basi ni cha kukwepa.

Pengo la tatu ni kukatika kwa tiba. Mgonjwa hukamatwa, husafiri kwa msiba, hugombana nyumbani, au hurudia unga siku moja kisha akaona haya kurudi kliniki. Siku zikipita, ustahimilivu wake hushuka, na kwa sababu hiyo daktari hulazimika kuanza tena na kipimo kidogo. Kila siku inayoongezeka huongeza hatari. Mwelimishaji rika aliye hodari hasubiri mwisho wa wiki. Jina likikosekana asubuhi, jioni hiyo hiyo yuko maskani akiuliza. Wala hashangai mwenzake akikiri kwamba amerudia, kwani huenda yeye mwenyewe alirudia zaidi ya mara moja kabla ya kusimama.

Kuna kazi nyingine ambayo hufanyika palepale maskani, nayo ni kuokoa maisha ya aliyezidiwa na dawa. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huiondoa heroini juu ya vipokezi kwa muda na kumrudishia mtu pumzi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa hiyo iwafikie pia watu wa kawaida walio karibu na watumiaji, pamoja na mafunzo ya kuitumia. Sababu yake ni rahisi: anayezidiwa huzidiwa mbele ya wenzake, na ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika katika muda wa dakika chache. Hata hivyo naloksoni huisha nguvu mapema, pengine kabla ya heroini yenyewe, kwa hiyo mgonjwa lazima apelekwe hospitali hata kama ameamka.

JE, KAZI HII IMEPIMWA?

Hadi hapa tumeeleza kwa nini yafaa kutazamia kwamba waelimishaji rika watasaidia. Lakini kutazamia si kuthibitisha. Tutazame jaribio moja lililofanywa Boston, Marekani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2005.

Watafiti waliwachagua watu 1,175 waliokuwa wakitumia kokeini au heroini, ambao walikuja katika kliniki za kawaida kwa shida nyingine za afya. Kwa bahati nasibu waliwagawa katika makundi mawili. Kundi la kulinganishia lilipewa karatasi yenye ushauri na orodha ya mahali pa kupata tiba. Kundi jingine lilipewa karatasi hiyo hiyo, na pia mazungumzo mafupi na mtu aliyepata nafuu ya uraibu, aliyekuwa amefundishwa namna ya kuzungumza bila ya kulaumu. Siku kumi baadaye aliwapigia simu mara moja. Baada ya miezi sita watafiti hawakutegemea maneno peke yake: walipima nywele za washiriki, kwa kuwa nywele huhifadhi alama za dawa kwa miezi kadhaa. Miongoni mwa watumiaji wa heroini, walioacha walikuwa asilimia 40.2 katika kundi lililozungumza na mwenzao, na asilimia 30.6 katika kundi la kulinganishia.

Tofauti hiyo ni kama watu 10 zaidi katika kila 100. Kwa mazungumzo mafupi na simu moja, hiyo si faida ndogo. Hata hivyo mwanafunzi mwenye jicho la kisayansi ataona upungufu mmoja. Kundi la kwanza lilipata karatasi tu. La pili lilipata mazungumzo, na mzungumzaji akawa mtu aliyepata nafuu. Je, kilichofanya kazi ni mazungumzo, au ni mzungumzaji? Jaribio hili haliwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Ili kuyatenganisha ingehitajika kundi la tatu, lenye kupewa mazungumzo yale yale na muuguzi. Wachambuzi waliokusanya tafiti za namna hii baadaye walifikia uamuzi wa kadiri: matokeo yanatia moyo, hasa katika kuwafanya wagonjwa wadumu katika tiba na waridhike nayo, lakini tafiti zilizo imara bado ni chache, na kazi iitwayo kwa jina moja hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali.

MIPAKA YA KAZI NA GHARAMA YAKE

Wazo la mgonjwa kumsaidia mgonjwa si geni. Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, watu wawili walioshindwa na pombe, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianzisha chama cha walevi waliokusudia kuacha. Mwaka 1953 watumiaji wa dawa za kulevya walianzisha chama chao kwa mfano huo huko California. Njia yao ya hatua 12 ndiyo iliyofuatwa baadaye na nyumba za upataji nafuu za Zanzibar, ambazo huongozwa na watu waliopata nafuu wenyewe.

Jambo hili limezaa ugumu ambao hatuna budi kuutaja. Aliyepata nafuu bila ya dawa yoyote aweza kumdharau anayekunywa methadoni, akimwambia kwamba bado ni mlevi. Na aliyepata nafuu kwa methadoni aweza kuziona nyumba hizo kuwa ni kupoteza wakati. Kila mmoja hushuhudia kwa njia iliyomwokoa yeye. Hapo ndipo uzoefu, ambao ni nguvu ya mwelimishaji rika, huwa udhaifu wake: ni uzoefu wa mtu mmoja. Tumeona hesabu ya vifo ya mwaka 2017; mwelimishaji anayemshauri mwenzake aache methadoni kwa ghafla anamrudisha katika kundi la 36. Kwa sababu hiyo mafunzo ni ya lazima. Lazima ajue kwamba hapangi vipimo vya dawa, hatoi siri ya mgonjwa, wala halazimishi njia yake iwe njia ya wote.

Nayo kazi yenyewe ina hatari kwa anayeifanya. Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Frank Riessman, alieleza kwamba anayemsaidia mwenzake hufaidika pengine kuliko anayesaidiwa, kwa kuwa hupata heshima na sababu ya kuamka. Hiyo ni kweli, lakini ina upande wa pili. Mwelimishaji rika hurudi kila siku katika vichochoro vile vile ambavyo ubongo wake bado unavikumbuka. Huuona unga, huinusa harufu yake, na mara nyingine huwazika wale aliowaleta kliniki. Akirudia, hupoteza kazi, heshima na tiba kwa siku moja, isipokuwa kama wakuu wake walijiandaa mapema kumchukulia kama mgonjwa anayehitaji msaada.

Mwezi Agosti 2007 serikali kuu ya Marekani ilipoziarifu serikali za majimbo kwamba kazi hii yaweza kulipiwa na mpango wake wa afya kwa watu wa kipato kidogo, iliweka masharti matatu: awepo msimamizi mwenye sifa, kazi iunganishwe na mpango wa tiba ya mgonjwa, na mfanyakazi apate mafunzo na cheti. Masharti hayo yafaa kufikiriwa popote. Katika nchi zetu waelimishaji rika wengi wamekuwa watu wa posho, wakitegemea fedha za miradi kutoka ng'ambo. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika jinsi msingi huo ulivyo mwembamba. Daktari na muuguzi wamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Anayemtafuta mgonjwa aliyekosekana asubuhi aghalabu hayumo.

WALIMU NA WANAFUNZI WAFANYE NINI?

Sasa twaweza kulijibu swali la mwanzo. Kuugua peke yake si ujuzi. Lakini pale ambapo tiba ipo na mgonjwa haaminiki kuifikia, haivumilii mwanzo wake, au huiacha katikati, kumbukumbu ya aliyeugua, ikiongezewa mafunzo na usimamizi, huwa chombo cha tiba chenye kazi yake maalumu. Chombo hicho hakichukui nafasi ya methadoni. Husaidia ili methadoni ifanye kazi yake.

Mwalimu wa biolojia aweza kufundisha vipokezi kwa mfano huu, na mwalimu wa hisabati aweza kuitumia hesabu ya nusu. Mwalimu wa somo lolote aweza kuwaomba wanafunzi wapange, kwa karatasi na kalamu, jaribio lenye makundi matatu kama tulivyoeleza, na wajadiliane namna ya kulifanya bila ya kumnyima mgonjwa yeyote tiba anayostahili.

Zaidi ya hayo, katika kila darasa kubwa la mjini huenda yumo mwanafunzi ambaye kaka, mjomba au mama yake anatumia unga, naye hasemi. Mwanafunzi huyo husikiliza kwa makini maneno yatumikayo darasani. Akisikia mwalimu akisema teja, atafunga mdomo. Akisikia kwamba huu ni ugonjwa, kwamba tiba ipo katika hospitali za serikali, na kwamba wapo watu waliopona ambao kazi yao ni kumfuata mgonjwa mahali alipo, huenda akabaki nyuma kengele ikilia, aulize kliniki ya karibu iko wapi. Mwalimu na awe amekwisha kulitafuta jibu hilo kabla ya kuulizwa.